Mwaliko wa kuhubiri ng'ambo: R-1, B-1, njia mbili za Uingereza au Kanada?

Barua ya mwaliko ikifika Kondele, Kakamega au Njoro, kawaida husomwa mbele ya waumini Jumapili, harambee ya tikiti ikaitishwa Jumapili inayofuata, na swali la viza likaja mwisho. Mpangilio huo ni wa kurudi nyuma. Tikiti ndiyo kitu cha mwisho kulipiwa, na barua yenyewe, hata ikiwa na muhuri wa dhahabu, haimwingizi mtu popote. Ulinganisho huu ni wa mchungaji, padri, mtawa, imamu au mwinjilisti aliye na mwaliko halisi na hajui aombe kwa mlango upi: R-1, viza ya Marekani ya mfanyakazi wa dini; B-1, viza ya Marekani ya mgeni wa muda mfupi; mojawapo ya njia mbili za Uingereza; au Kanada.

Vya kupima kabla ya kuchagua

Kila njia hapa chini imepimwa kwa mambo matano: nani anaanzisha ombi, kazi gani inaruhusiwa na nani analipa, gharama, muda pamoja na familia, halafu mahali ombi hukwama. La kwanza ndilo zito. Watu huchagua nchi kwanza, kumbe kinachoamua ni karatasi alizo nazo mwenyeji. Kanisa la watu 2,000 lisilo na nyaraka haliwezi kukusaidia, na lile la watu 60 lenye faili safi linaweza.

R-1 ya Marekani

*Nani anaanzisha.* Kanisa, msikiti au shirika la Marekani hujaza fomu I-129 na kuipeleka idara ya uhamiaji, USCIS. Ada ni dola 510 kwa shirika lisilo la faida, na hulipwa huko huko. Wewe huna cha kujaza mpaka taarifa ya idhini, I-797, itoke. Ndipo unajaza DS-160, fomu ya kuomba viza, unalipa dola 205 za viza na kupangiwa mahojiano ubalozini, Gigiri.

*Kazi na malipo.* Wastani wa saa 20 kwa wiki au zaidi, kazi iwe ya dini hasa: kuongoza ibada, kufundisha dini, maisha ya utawa. Karani, fundi wa majengo, mfagizi na mchangishaji fedha hawahesabiwi, hata wakilipwa na kanisa. Malipo yawe ya mshahara au ya nyumba na chakula, mradi mwenyeji athibitishe kwa bajeti na hesabu zake. Kujitegemea kunakubaliwa tu kwa mmishenari aliye ndani ya mpango wa dhehebu uliokuwapo tangu awali.

*Muda na familia.* Hadi miezi 30 mara ya kwanza, na jumla isizidi miaka 5. Mke au mume, na watoto walio chini ya miaka 21 ambao hawajaoa wala kuolewa, hupata R-2. Wanaweza kusoma, ila hawaruhusiwi kufanya kazi. Piga hesabu ya mshahara mmoja kwa familia nzima kabla hujafurahi.

*Inapokwama.* Hapa pana mengi, na karibu yote hutokea kabla hujapanda basi la Nairobi.

La kwanza ni barua ya mamlaka ya kodi ya Marekani, IRS, inayothibitisha kuwa mwenyeji hatozwi kodi. Sheria ya kule inayachukulia makanisa kuwa yamesamehewa kodi hata bila kuomba, kwa hiyo makanisa mengi madogo hayajawahi kuitafuta barua hiyo. R-1 inaitaka. Kanisa lililo chini ya dhehebu kubwa hutumia barua ya pamoja ya dhehebu. Kanisa huru lisilo nayo hulazimika kuomba upya kwa fomu 1023, ada dola 600, na kusubiri. Liulize mwenyeji swali hili kwenye simu ya kwanza kabisa: "Barua ya IRS mnayo? Nitumieni nakala."

La pili ni dhehebu. Lazima uwe umekuwa muumini wa dhehebu lile lile la mwenyeji kwa miaka 2 mfululizo kabla I-129 kupelekwa. Kwa Mkweka wa Kaimosi, ambako misheni ilianza 1902, mnyororo wa kumuunganisha na Wakweka wa Indiana unajulikana. Vivyo hivyo kwa Msabato, ambaye historia ya kanisa lake Nyanza inaanzia Gendia mwaka 1906. Taabu ni kwa kanisa huru lililoanzia Vihiga au Kisumu na halina tawi Marekani. Hapo mwenyeji lazima aonyeshe kwa maandishi kwamba makanisa haya mawili yana imani moja, namna moja ya ibada na uongozi wa aina moja. "Sote tumeokoka" si jibu. Na mchungaji aliyehama dhehebu mwaka jana asubiri tu, kwa sababu hesabu yake imeanza upya.

La tatu ni barua ya kutoka nyumbani. Linganisha hizi mbili. Ya kwanza: "Huyu ni mtumishi wetu wa siku nyingi, tunamwamini." Ya pili inataja tarehe ya ubatizo, tarehe ya kuwekwa wakfu na aliyemweka, kila parokia aliyohudumu kuanzia mwezi gani hadi mwezi gani, kisha sahihi, cheo, na namba ya usajili wa kanisa kwa Msajili wa Vyama. Ofisa atakayeisoma hajui Luanda ya Vihiga ni wapi. Ile ya kwanza ni heshima tupu, haimwonyeshi chochote.

La nne ni ukaguzi. USCIS hutuma mtu kuangalia mahali pa kazi. Kanisa linalokodi ukumbi wa shule saa mbili za Jumapili litaeleza vipi saa zako 20? Mwenyeji aliyekwisha kupita ukaguzi anaweza kulipia huduma ya haraka na kupata jibu ndani ya siku 15 za kazi. Asiyepita hana ruhusa hiyo, naye husubiri miezi.

Kumbuka pia kwamba idhini ya USCIS si viza. Ofisa wa ubalozi bado anaweza kukukatalia akiona majibu yako hayalingani na yaliyoandikwa.

*Inamfaa* mwenye dhehebu lenye mizizi pande zote mbili, anayekwenda kushika kazi ya kudumu kwa miaka kadhaa.

B-1 ya Marekani

*Nani anaanzisha.* Wewe mwenyewe. DS-160, dola 185, mahojiano. Mwaliko husaidia, lakini si wao wanaoomba.

*Kazi na malipo.* Viza hii inamruhusu mhubiri anayezunguka, asiyeshika wadhifa katika kanisa lolote moja, akitegemea sadaka za mikutano anayohubiri. Inamruhusu pia mchungaji anayebadilishana mimbari kwa muda na mwenzake huku akiendelea kulipwa na kanisa lake la Kenya, na mmishenari asiyeuza vitu wala kuchangisha pesa. Mshahara kutoka Marekani hauruhusiwi.

*Muda na familia.* Siku za kukaa huandikwa na ofisa wa uwanja wa ndege, mara nyingi zisizidi miezi 6. Familia huomba kila mtu viza yake.

*Inapokwama.* Kwenye sentensi moja dirishani. Ukisema "nitakuwa na kanisa fulani miezi mitano nikimsaidia pasta", umejieleza kuwa mfanyakazi wa R-1 aliyekuja na karatasi za B-1. Njoo na ratiba: tarehe, mji, kanisa, nani analaza, nani analisha. Kinachofuata ni kuonyesha utarudi. Sheria inakuchukulia kuwa unataka kuhamia mpaka uthibitishe vinginevyo, kwa hiyo barua ya kanisa lako inayotaja likizo yako na tarehe ya kurudi madhabahuni ina uzito kuliko hati ya shamba la babu. Na zile taarifa za benki zenye shilingi 400,000 zilizoingia Jumanne huku ombi likiwa la Alhamisi? Maofisa wamezizoea.

*Inamfaa* mwinjilisti wa mikutano, au shehe aliyealikwa kutoa mawaidha ya Ramadhani katika misikiti kadhaa.

Uingereza: Mhudumu wa Dini

Kwenye fomu utaiona kama T2 Minister of Religion. Ada za Uingereza zilizotajwa hapa ni za kuanzia Aprili 2025, na hupandishwa karibu kila mwaka, kwa hiyo zitazame upya siku ya kulipa.

*Nani anaanzisha.* Mwenyeji mwenye leseni ya udhamini. Orodha ya wenye leseni iko wazi kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, na yeyote wa Nakuru mwenye simu anaweza kuifungua na kutafuta jina. Jina likikosekana, hapana viza hapo, hata askofu wao aape. Likiwepo, mwenyeji hukutolea cheti cha udhamini, ambacho ni namba tu ya kielektroniki. Itumie ndani ya miezi 3.

*Kazi na malipo.* Kuongoza waumini, kuhubiri, umisheni. Malipo yasipungue kima cha chini cha mshahara cha Uingereza.

*Gharama.* Viza pauni 769. Halafu kuna ada ya huduma za afya, na hii ndiyo huwaangusha watu kwa mshtuko: pauni 1,035 kwa mwaka kwa mtu mzima na 776 kwa mtoto, inalipwa yote kwa mkupuo siku ya kuomba. Baba, mama na watoto wawili kwa miaka 3 ni pauni 10,866, kabla ya kugusa ada za viza zenyewe. Viza ikikataliwa, ada hiyo ya afya hurudishwa. Zaidi ya hapo unatakiwa uonyeshe pauni 1,270 zilizokaa benki siku 28 mfululizo, pamoja na 285 za mwenzi, 315 za mtoto wa kwanza na 200 kwa kila anayefuata, isipokuwa mwenyeji amethibitisha kwenye cheti kuwa atakugharamia.

*Muda na familia.* Hadi miaka 3 na mwezi 1, na huongezwa. Mwenzi anaweza kufanya kazi. Miaka hii huhesabiwa kuelekea ukazi wa kudumu. Kwa muda mrefu sharti limekuwa miaka 5, na mwaka 2025 serikali ilitangaza nia ya kuurefusha muda huo.

*Inapokwama.* Kiingereza. Kenya haimo katika orodha ya nchi ambazo raia wake wamesamehewa mtihani, hata kama umesoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza na unahubiri kwacho kila wiki. Unahitaji kiwango cha B2, yaani 5.5 katika kila sehemu ya IELTS ya viza za Uingereza: kusoma, kuandika, kusikiliza na kuongea. Wahubiri huanguka kwenye kuandika, si kuongea. Mwenye shahada iliyofundishwa kwa Kiingereza anaweza kuthibitishiwa na taasisi iitwayo Ecctis badala ya mtihani.

Zile siku 28 nazo ni mtego. Salio likishuka siku ya 19 chini ya kiwango, hata kwa shilingi 300 za ada ya benki, hesabu inaanza upya siku ya kwanza. Shilingi hugeuzwa kuwa pauni kwa kiwango cha siku ya kuomba, basi weka akiba ya juu kidogo. Harambee ifanywe mwezi mmoja na nusu kabla, pesa iingie benki, na kadi ifichwe.

*Inamfaa* anayekwenda kuwa kiongozi kamili wa kanisa au msikiti wenye leseni na uwezo wa kifedha, hasa akiwa na familia.

Uingereza: Mfanyakazi wa Dini wa Muda

Nani anaanzisha na pesa za kuonyesha ni kama hapo juu, pamoja na ile ada ya afya. Tofauti ni hizi. Viza ni pauni 319. Mtihani wa Kiingereza hautakiwi. Muda ni hadi miaka 2, basi, na hauhesabiwi kuelekea ukazi wa kudumu. Ukirudi, kaa nje miezi 12 kabla ya kuomba njia hii tena. Mwenzi na watoto wanaweza kwenda nawe.

Inapokwama ni mahali pamoja tu: tangu Januari 2019 njia hii haitumiki tena kumwajiri mtu ambaye kazi yake kuu ni kuongoza waumini. Kabla ya hapo baadhi ya wenyeji waliitumia kumkwepesha mhubiri ule mtihani wa Kiingereza, na mlango huo umefungwa. Maelezo ya kazi kwenye cheti cha udhamini yakisema "mchungaji kiongozi", ombi limejikatalia lenyewe. Mwombe mwenyeji akusomee maelezo hayo kabla hajayawasilisha.

*Inamfaa* mtawa anayekwenda kuishi katika nyumba ya shirika lake, katekista, msaidizi wa huduma ya vijana, yeyote ambaye mimbari si yake.

Kanada

Njia hii haizungumzwi sana huku kwetu, ingawa kwa kiongozi wa dini ndiyo nyepesi zaidi kwa mwenyeji. Mtu ambaye kazi yake hasa ni kuhubiri, kuongoza ibada au kutoa ushauri wa kiroho kwa kundi la waumini anaruhusiwa kufanya kazi bila kibali cha kazi. Wewe ndiye unaomba, kwa viza ya mgeni: dola 100 za Kanada, na 85 za alama za vidole. Unathibitisha mambo matatu, yaani mwaliko ni wa kweli, wewe unaweza kazi hiyo (cheti cha kuwekwa wakfu, masomo, uzoefu), na kundi linalokualika lina uwezo wa kukutunza.

Hukwama pale kazi inapokuwa ya msaada tu: mpiga kinanda, mratibu, mpishi wa kambi. Hao huhitaji kibali, dola 155, ingawa wafanyakazi wa dini na hisani husamehewa ule uchunguzi wa soko la ajira. Mwenzi wako hapati haki ya kufanya kazi kwa sababu tu wewe umeingia bila kibali.

*Inamfaa* mhudumu aliyewekwa wakfu mwenye mwenyeji mdogo asiye na wakili.

Karatasi za nyumbani, njia yoyote utakayoshika

Pasipoti huombwa kupitia eCitizen, na alama za vidole zinaweza kuchukuliwa Kisumu, Nakuru, Eldoret au Kisii. Angalia majina. Ukiwa "Peter Wafula" kwenye kitambulisho, "Pita Wafula Simiyu" kwenye cheti cha kuwekwa wakfu na "Rev. P. W. Simiyu" kwenye taarifa ya benki, hao ni watu watatu. Cheti cha kanisa ndicho rahisi kutolewa upya, anza nacho.

Ndoa ya kimila isajiliwe. Sheria ya Ndoa ya 2014 inaitaka isajiliwe, na bila cheti mkeo si mkeo mbele ya ofisa wa viza. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto vishughulikiwe mapema. Cheti cha maadili mema cha polisi ni shilingi 1,050, vidole unachapishia kituo cha Huduma. Usikitafute kama njia yako haikitaki.

Kwa Uingereza, ukienda zaidi ya miezi 6, lazima upimwe kifua kikuu katika kliniki ya IOM (Shirika la Kimataifa la Uhamiaji), Nairobi. Cheti hudumu miezi 6. Picha ya kifua ikiwa na shaka, makohozi huoteshwa na jibu linaweza kuchukua wiki 8, na cheti cha udhamini cha miezi 3 huku kinahesabu siku. Nenda kupima kabla mwenyeji hajakitoa.

Panga safari za Nairobi pamoja. Mtu wa Nakuru anaenda na kurudi siku moja, wa Busia au Homa Bay hulala. Usifike mahojiano ya asubuhi moja kwa moja kutoka basi la usiku, macho mekundu na shati limekunjamana.

Na kuhusu ajenti: I-129 hupelekwa na mwenyeji, na cheti cha udhamini hakiuzwi. Anayekuuzia "R-1 iliyoiva" kwa laki tatu mjini anakuuzia hewa.

Kwa hali yako

Umealikwa wiki tatu kuhubiri makanisa manne ya Marekani, bila mshahara: B-1, na ratiba iwe mkononi. Safari ya namna hiyo hiyo Uingereza haihitaji udhamini, kwani viza ya kawaida ya mgeni, pauni 127, inaruhusu kuhubiri kwa muda mradi hujazi nafasi ya kazi.

Kanisa la dhehebu lako Marekani linakutaka miaka miwili mitatu: R-1, ikiwa barua ya IRS ipo. Ikiwa haipo na hawataki kuitafuta, liulize dhehebu kama kuna kanisa jirani lililo chini ya barua ya pamoja.

Una familia na mwenzi anataka kufanya kazi: Uingereza ni bora kuliko R-1 kwa hilo, ila fanya hesabu ya ada ya afya kwanza. Wengine hutangulia peke yao, familia ikafuata mwaka wa pili ada ya miaka iliyobaki ikiwa imepungua.

Wewe ni mtawa: uliza shirika lako lina nyumba wapi, na ufuate hapo. R-1 na njia ya muda ya Uingereza zote zinaelewa kiapo cha ufukara.

Kanisa lako ni huru, halina tawi popote, na mwenyeji ni kundi dogo la Wakenya walio ng'ambo: Kanada ndiyo ya kujaribu kwanza kama umewekwa wakfu. Kama hujawekwa, B-1 au viza ya mgeni ya Uingereza kwa safari fupi, huku kanisa likiandika kumbukumbu zake vizuri kuanzia Jumapili hii: nani alibatizwa, lini, na nani.